Miguu inauma, vipimo havioni kitu: uzi kwa tunaoishi na MS na wanaotuuguza

Fundi wa Isevya

Habari za humu wakuu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, mama wa watoto watatu, na ninaishi na ugonjwa unaoitwa maltipo sklerosisi. Wengi wetu tunauita MS tu. Kila nikichangia nyuzi za afya humu napata ujumbe wa faragha wenye swali lilelile kwa maneno tofauti: miguu inauma mwaka wa pili sasa, nimepimwa kila kitu, naambiwa hakuna kinachoonekana, nifanyeje? Nimeona niandike hapa wazi ili na wengine wasome.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kuambiwa "hatuoni kitu" si sawa na kuambiwa huna kitu. Na upande wa pili, kuwa na MS hakufanyi kila maumivu ya mguu yawe ya MS. Naona watu wakiteseka kwa yote mawili, maana ukishaamini lolote kati ya hayo, kutafuta kunaishia hapo. Daktari anafunga faili na wewe unarudi kulala na maumivu yako.

Kwa wasioujua ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Utando huo unaitwa mayelini. Ukiharibika, taarifa zinazopita humo zinachelewa, zinakatika, au zinafika zikiwa zimevurugika, na panapopona panabaki kovu. Aliyeueleza kwa utaratibu ni daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, mwaka 1868. Duniani wanaoishi nao wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 2.8, wanawake wakiwa angalau mara mbili ya wanaume, na wengi hugundulika wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 50. Huku kwetu karibu na ikweta ni wachache kuliko Ulaya, kwa hiyo ukifika kituo cha afya na miguu inayowaka moto, huu si ugonjwa wa kwanza kufikiriwa. Hauambukizi. Haukutokana na chochote ulichomkosea mtu.

Sasa twende kwenye miguu.

Ukiingia kwa daktari ukasema "miguu inauma" ukanyamaza, utaandikiwa diklofenaki, na siwalaumu, sentensi hiyo haiwapi kitu kingine cha kushika. Kilichonisaidia mimi ni kuyatenganisha maumivu, kwa sababu kwenye miguu hii miwili ninayo ya aina zaidi ya moja, na kila aina ina dawa yake.

Aina ya kwanza ni ya mishipa ya fahamu yenyewe. Kwangu inaanzia kwenye nyayo na kupanda hadi magotini. Ngozi inawaka moto, lakini ukiigusa kwa mkono ni ya baridi. Jioni yanazidi, na usiku ndiyo usiseme: shuka likigusa vidole nashtuka. Cha kushangaza, palepale panapowaka ndipo penye ganzi. Nikidondosha pini ya kushonea ikanichoma mguuni, naisikia kwa mbali sana. Chanzo cha maumivu haya hakipo mguuni. Kipo kwenye kovu la uti wa mgongo au ubongo, ambako taarifa kutoka mguuni zinapita na kuharibika. Mguu wenyewe ni mzima, ndiyo maana eksirei ya goti inarudi safi, ultrasaundi ya mishipa ya damu inarudi safi, na damu haina neno.

Hata MRI, kile kipimo cha sumaku kinachopiga picha za ubongo na uti wa mgongo, wakuu. MRI inaonyesha kovu, haionyeshi maumivu. Kovu la zamani ambalo halijaongezeka linaweza kuendelea kuuma kwa miaka, na mwenye makovu mengi anaweza asiumwe kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia "picha yako haijabadilika", anakupa habari njema kuhusu ugonjwa, si hukumu kuhusu maumivu yako. Hayo yatenganishe kichwani, na ikibidi mkumbushe na yeye kwa adabu.

Panadol, diklofenaki na ibuprofeni hazifanyi la maana kwenye aina hii, kwa sababu hakuna uvimbe wala jeraha la kutulizwa. Kuchomwa sindano za diklofenaki mwezi baada ya mwezi ni kuumiza tumbo na figo bure. Dawa zinazotumika ni amitriptilini, gabapentini, pregabalini au duloksetini. Amitriptilini ni ya bei nafuu na inapatikana sehemu nyingi. Mwanzo ilikuwa dawa ya sonona, kwa hiyo ukiisoma kwenye karatasi usidhani daktari anakuona umechanganyikiwa. Huanzishwa kwa dozi ndogo usiku, inapandishwa taratibu, na inataka wiki kadhaa kabla hujaihukumu. Inakausha mdomo, inafunga choo, inaleta usingizi, na kwa mwenye shida ya kutoa mkojo inaweza kuongeza shida hiyo, kwa hiyo habari za mkojo mwambie daktari bila aibu kabla hajaandika. Pregabalini na gabapentini zinaweza kuvimbisha miguu, usije ukavimba ukadhani umepata ugonjwa mwingine. Na hizi si dawa za kwenda kujinunulia. Matumaini yake yawe ya kweli pia: mara nyingi zinapunguza, hazimalizi. Mimi kulala usiku kucha nilikuona ni kupona.

Aina ya pili ni misuli kukaza. Hii haichomi, inavuta. Usiku mguu unanyooka wenyewe, kidole gumba kinapanda juu, na huwezi kuukunja kwa nguvu zako. Dawa zake ni baklofeni au tizanidini, tofauti kabisa na zile za kwanza. Na hapa naomba kila anayetumia baklofeni asome mara mbili: usiiache ghafla. Ikikuishia au ukaamua tu kuacha, unaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na mikakamao mibaya kuliko ya mwanzo. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa usimamizi wa daktari. Huku kwetu haipatikani kirahisi kila duka la dawa, kwa hiyo nanunua kabla haijakaribia kuisha.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza kuusikiliza mwili. Mikakamao mara nyingi ina kichocheo. Maambukizi ya mkojo, kibofu kilichojaa, choo kigumu, kidonda, kiatu kinachobana, vyote vinaweza kuichochea. Kuna kipindi mguu wa kushoto ulikuwa unakaza hadi nalia, na dozi ikawa inataka kupandishwa. Nesi mmoja mtu mzima akaniambia vua soksi tukague. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeingia nyamani, pembeni kuna usaha. Kwa sababu ya ganzi sikuusikia ukucha kabisa. Mwili ulikuwa unalalamika kwa njia pekee iliyobaki, yaani kukaza. Ulipotibiwa ukucha, mguu ukatulia bila kuongeza hata kidonge kimoja. Tangu hapo binti yangu ananikagua nyayo kila Jumapili, katikati ya vidole na kisigino, kwa kioo na tochi ya simu.

Aina ya tatu ni ya viungo na misuli ya kawaida. Mguu mmoja ukiwa dhaifu unauburuza, nyonga inapinda kuufidia, kiuno nacho kinalipa. Mimi niliongeza kwa cherehani ya kukanyaga. Haya ndiyo maumivu ambayo Panadol na mazoezi yanasaidia. Nilifunga mota kwenye cherehani, nikapandisha kiti, na nyonga ikapata nafuu ambayo hakuna kidonge kilichowahi kuileta.

Ndani ya aina hii kuna jambo moja la hatari. Tukizidiwa huwa tunapewa dripu za steroidi, methilpredinisoloni, kwa siku 3 hadi 5. Waliopata steroidi nyingi kwa miaka wanaweza kudhoofika mifupa, na kichwa cha mfupa wa paja pale kwenye nyonga kinaweza kukosa damu na kufa. Dalili yake ni maumivu kwenye kinena au pajani yanayozidi ukisimama au kutembea. Eksirei ya mwanzoni inaweza isionyeshe. Kama ni wewe, usikubali kuambiwa "ni MS yako tu".

Na mwisho kabisa, yale yasiyo ya MS. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma kwenye msuli wa nyuma ya ugoko, hasa kama umelala au kukaa muda mrefu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa damu imeganda, na ikisafiri hadi kwenye mapafu inaua. Wala usikandwe. Kisukari, upungufu wa vitamini B12, VVU, kaswende, TB ya uti wa mgongo, vyote vinaweza kuleta miguu inayouma au kufa ganzi, na vyote vina tiba. Mwenye MS hajapewa kinga ya kutougua mengine.

Karibuni tuongee. Waliotangulia nisahihisheni.

Mama Tatu

Pole sana dada, na asante kwa kuandika. Mimi sina ugonjwa huo ila miguu nayo inanisumbua. Bibi yetu kule Sikonge alikuwa akitukanda kwa maji ya moto na chumvi, kisha anatupaka mafuta ya nyonyo. Hujaona ukisaidika? Au joto la mwezi wa kumi la hapa ndilo linakumaliza? Maana hata sisi wazima tunashindwa kulala.

Fundi wa Isevya

Asante dada. Mafuta ya nyonyo na mkono mwepesi, hapo sina ugomvi, yananituliza, mradi mguu haujavimba. Maji ya moto ndiyo nawaomba muwe waangalifu sana kwa mgonjwa wa MS, kwa sababu mbili.

Kwanza ni ganzi. Ngozi isiyosikia itaungua na mwenyewe anaangalia. Chupa ya maji ya moto kitandani, jiko la mkaa karibu na miguu wakati wa baridi ya Juni, beseni la kukandia, vyote nimeshavikataza nyumbani kwangu. Maji yoyote ya kunigusa yanapimwa kwanza kwa kiwiko, tena cha mtu mwingine.

Pili ni joto lenyewe. Mshipa ulioharibika utando wake unapitisha taarifa kwa shida zaidi mwili ukipata joto, hata likiongezeka kidogo sana. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika hili mwaka 1890 baada ya kuona wagonjwa wakipoteza uoni wakifanya mazoezi. Mwili ukipoa, hali inarudi ilivyokuwa, hakuna kilichoharibika zaidi. Kulijua hili kuliniondolea hofu kubwa, maana kila Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, nilikuwa nadhani naelekea kupooza.

Kwa hiyo ndiyo, Oktoba ya Tabora kwangu ni mtihani. Kazi ya kukata vitambaa naifanya alfajiri. Saa sita hadi saa kumi sikanyagi juani. Nalowesha kanga kwa maji ya mtungi naizungushia shingoni na mabegani, nakunywa maji hayohayo, na feni ninayo ndogo chini ya meza ya cherehani inayoelekea miguuni. Mwembe wa uani nao Mungu aubariki.

Halafu kuna malaria, na hili ni letu hasa. Homa yoyote inapandisha joto la mwili, na dalili za zamani zinarudi zote kwa pamoja: miguu inawaka, inakaza, macho yanafifia. Unaweza ukadhani ni shambulio jipya la MS. Shambulio la kweli ni dalili mpya au zilizozidi kwa zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Hivyo mimi kabla ya kuanza safari ya kwenda kwa daktari bingwa nakwenda kwanza kupima malaria na mkojo.

Mwana Kibirizi

Nawasalimu kutoka Kigoma, upande wa ziwani. Dada yangu wa kuzaliwa tumbo moja alianza na ganzi kwenye nyayo, ikapanda hadi kiunoni, sasa miguu inauma na mkojo unamsumbua. Hajapata MRI. Familia imegawanyika. Shangazi anasema ametupiwa kitu, amepelekwa kuchanjwa chale miguuni huko vijijini. Kaka anasema ni mihogo. Mimi nasoma uzi huu najiuliza kama ndiyo MS yenyewe. Nahisi kuchanganyikiwa, wakuu.

Nesi wa Nzega

Kaka wa Kibirizi, pole kwako na kwa dada. Nafanya kazi wodini miaka mingi, naomba nikujibu taratibu.

Ganzi inayopanda hadi kiunoni pamoja na shida ya mkojo inaonyesha tatizo kwenye uti wa mgongo, na hilo si la kusubiri. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa pale Maweni sasa, sio baada ya sherehe wala baada ya mavuno. MS ni mojawapo tu ya majibu. Kwa mtu aliyekulia ziwani, kichocho lazima kifikiriwe, kwa sababu mayai ya kichocho yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo na kuleta hayohayo unayoyaeleza. Kina dawa, prazikwanteli pamoja na steroidi, na kikiwahiwa mtu anaweza kupona vizuri. TB ya mgongo pia: muulize kama anakohoa, anatoka jasho usiku, anakonda, au kama kuna sehemu ya uti inauma ukiigonga.

Kuhusu mihogo, kaka yako hajasema jambo la kupuuza. Kuna ugonjwa wa konzo unaotokana na kula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, hasa wakati wa njaa na mlo usio na protini. Tanzania tumewahi kuupata, Tarime mwaka 1985 na baadaye Mtwara mwaka 2002 na 2003. Lakini konzo huja ghafla, miguu yote inakakamaa, na kwa kawaida hauleti ganzi inayopanda wala shida ya mkojo. Kwa dada yako sioni kama unalingana.

Na kuna ndugu wa MS aitwaye nyuromayelaitisi optika, unaoshambulia uti wa mgongo na macho. Kwa watu weusi lazima utafutwe, kwa sababu baadhi ya dawa za MS zinauzidisha. Unapimwa kwa damu pamoja na picha. Muulize dada kama aliwahi kuumwa jicho likafifia, au kupata kwikwi na kutapika kwa siku nyingi bila sababu. Akisema ndiyo, hakikisha daktari amelisikia.

Chale mziache. Siwatukani wazee wetu, ila jeraha kwenye ngozi yenye ganzi halisikiki likioza.

Mwana Kibirizi

Nesi, jicho aliwahi kuumwa! Miaka ya nyuma, tukadhani ni vumbi. Kesho asubuhi tunampeleka. Mungu akubariki.

Kaliua Yetu

Samahani kama nitaonekana mkorofi, nauliza kwa nia ya kujua. Mbona magonjwa haya ni ya Wazungu? Babu zetu walitembea kwa miguu na misafara kutoka Unyanyembe hadi pwani na hatukusikia MS. Na hizo dawa tunasikia ni za mamilioni. Sasa mtu wa hali ya chini akishajua anao, inamsaidia nini?

Fundi wa Isevya

Hujakosea kuuliza, kaka. Ni kweli unapatikana zaidi nchi za mbali na ikweta. Sababu kamili bado zinatafutwa, ila jua na vitamini D vinatajwa, na mwaka 2022 watafiti wa Harvard walichapisha utafiti juu ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulioonyesha kwamba kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtu anakipata, kina mchango mkubwa. Sisi pia tunakipata, na wachache kati yetu wanaangukia hapa. Kuhusu babu zetu, bila MRI nani angejua? Aliyepooza polepole alisemwa amerogwa, akafichwa chumba cha nyuma. Mimi mwenyewe nilisemwa hivyo na watu waliokuwa wanavaa nguo nilizowashonea.

Swali lako la dawa ndilo zito. Dawa za kuzuia mashambulio ni ghali kweli. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023: kladribini, glatirama na rituksimabu. Kuingizwa huko hakumaanishi ziko kwenye kabati la zahanati, lakini kunatupa cha kusimamia tunapodai. Na hata anayezipata ajue hazikuwekwa kwa ajili ya maumivu. Zinazuia makovu mapya. Lililokwisha kuwepo linaendelea kuuma. Nimeona watu wakiziacha kwa hasira kwa sababu miguu bado inawaka.

Kujua kunasaidia nini? Nitakwambia kwangu. Niliacha kuuza vitu vya ndani kwa ajili ya waganga. Niliacha sindano za diklofenaki. Nilipata amitriptilini ambayo hata mtu wa hali yangu anaimudu. Mume wangu aliacha kudhani nakwepa kazi. Hayo hayakuhitaji mamilioni.

Mazoezi Tiba

Niongezee kwenye mazoezi, ndiyo kazi yangu. Zamani wagonjwa wa MS waliambiwa wapumzike tu. Siku hizi hatusemi hivyo. Kutokutumia misuli kunaifupisha, na msuli uliofupika unakaza zaidi na kuuma zaidi.

Cha muhimu ni muda na kiasi. Fanya asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi. Msuli wa nyuma ya ugoko: simama ukishika ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kisinyanyuke, egemea mbele hadi usikie unavutika, hesabu taratibu hadi 30, badili mguu. Usiruke-ruke. Asiyeweza kusimama anakaa kitandani mguu umenyooka, anavuta unyayo kwa kanga. Miguu ikianza kuwaka zaidi wakati wa zoezi, pumzika, jipoze, itarudi, hujaharibu kitu. Ikiwa bado inauma zaidi kesho yake, umezidisha, punguza.

Wale ambao ncha ya mguu inaburuza, kuna kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kushika kifundo. Karakana za viungo bandia kwenye hospitali kubwa zinatengeneza. Nimeona maumivu ya nyonga yakipungua kwa kifaa hicho tu. Na fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, wengi wanakosea hapo.

Baba Wawili Ipuli

Dada Fundi, mimi ni mwanaume, niseme tu ukweli. Mke wangu ana MS. Usiku miguu inakaza analia, nami nakaa pembeni sijui nishike wapi. Nikivuta anaumia zaidi. Nikiacha naonekana simjali. Mnapenda tufanyeje?

Fundi wa Isevya

Kaka, umenigusa. Nitakueleza tunavyofanya hapa kwangu.

Usivute kwa nguvu wala kwa haraka. Msuli uliokaza ukivutwa ghafla unajibu kwa kukaza zaidi. Weka mkono mmoja chini ya goti, mwingine ushike unyayo wote, si vidole peke yake. Sukuma unyayo kuelekea kwake polepole, kisha utulie hapohapo bila kupunguza, na ungoje. Utasikia msuli unaachia. Hapo ndipo unakunja goti na nyonga pamoja, taratibu. Akilala, alale ubavu, magoti yamekunjwa kidogo na mto katikati. Kabla ya kulala akojoe, na umnyooshe misuli kama mtaalamu alivyoeleza. Shuka likimuumiza vidole, weka boksi tupu miguuni mwa kitanda ili liinuke.

Na mchana, kukiwa na utulivu, muulize ni aina gani inamsumbua zaidi: inayowaka, inayokaza, au ya nyonga. Andikeni kwenye daftari: saa ngapi, wapi, alikuwa anafanya nini, kulikuwa na joto gani, choo na mkojo vikoje. Daktari akilisoma daftari hilo anaacha kubahatisha.

Jingine usilichukulie vibaya. Muulize pia kuhusu moyo wake. Maumivu yasiyo na jibu yanakula roho, na sonona ni ya kawaida sana kwetu wenye MS. Mimi nilifika mahali nikawa sitaki kuamka. Nilitibiwa, na maumivu yenyewe yakapungua makali, kwa sababu usingizi, huzuni na maumivu vinashikana mikono. Akianza kusema maneno ya kutokuwepo duniani, usimkemee, msindikize hospitali.

Na mwambie unamwamini. Mume wangu hakuweza kuniondolea moto wa miguu hata siku moja, lakini aliwahi kumwambia mama yake mbele yangu, "anaumwa, mimi namwona". Nililala usiku ule.

Mwana Kibirizi

Wakuu, mrejesho. Dada amelazwa. Kinyesi na mkojo vimepimwa kichocho, damu imechukuliwa, ameanzishiwa dripu. Wamesema MRI itabidi nje ya mkoa, wanaandika rufaa. Nesi, nilimwambia daktari habari ya jicho, akaandika palepale. Tunatafuta nauli. Kuna la kujiandaa nalo?

Fundi wa Isevya

Tunashukuru kwa taarifa kaka, apone haraka.

Kabla hamjatoka ombeni nakala ya kila jibu, pamoja na barua ya rufaa inayotaja jicho na tarehe ganzi ilipoanza. Muulizeni daktari kama anaruhusiwa kusafiri kwa kukaa muda mrefu. Akiruhusiwa, chukueni siti ya upande usiopigwa jua. Kila gari likisimama mumshushe anyooshe miguu, na kama hawezi kushuka mumkunjue palepale alipokaa. Maji anywe, asijinyime kwa kuogopa mkojo. Ombeni kabla ya safari kama atahitaji mpira wa kutolea mkojo. Shuka mbili, kanga moja ya kulowesha, na dawa zake kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye buti ya basi.

Mkifika MRI, vueni chuma chote mwilini na mseme kama ana kipande chochote cha chuma ndani. Mashine inapiga kelele sana, mwambieni mapema asishtuke. Ombeni wampige uti wote wa mgongo na kichwa ikiwezekana kwa safari hiyohiyo. Picha ziombeni kwenye CD, na mkirudi muitunze pakavu.